Kochi la Mgeni Asiyekuja

Naanza na ugomvi, ili asiyeutaka ageuze ukurasa mapema akasome mashairi. Sebule zetu si zetu. Tunazilipia kodi, tunazifagia, tunazipiga deki, lakini si zetu. Ni za mtu mmoja anayeitwa Mgeni. Jina lake halijulikani, anakotoka hakujulikani, wala haijulikani atafika lini. Ila kochi lake lipo, glasi zake zimepangwa kabatini, na zulia lake lipo, ole wake mtoto atakayelikanyaga na miguu ya vumbi. Sie wenye nyumba tunakula uani, tunasoma tumejikunja kwenye kizingiti cha mlango, tunamlindia bwana yule nafasi yake. Miaka inakwenda. Bwana haji.

Vijana wenzangu, imetosha. Nasema sebule nzuri, ile ambayo ukiingia toka kwenye daladala moyo unatua, haihitaji mkopo wala mjomba aliyeko Ulaya. Inahitaji fedha kidogo, akili kidogo, na ujasiri mwingi wa kuacha kumwogopa Mgeni. Na nasema jambo la pili, ambalo najua ndilo mtakalonirushia mawe: sie tunaojiita waandishi chipukizi tumekuwa wapiga debe wa maduka ya makochi, tena bila hata kulipwa. Nitafika huko. Kwanza hesabu, maana ugomvi bila hesabu ni kelele za sokoni.

Chukua chumba cha kawaida cha kupanga hapa Dar es Salaam, futi 10 kwa 10, yaani mita 3 kwa 3 kwa kukisia. Hizo ni mita za mraba 9. Sasa ingiza seti. Kochi la watu watatu ni mita 2 kwa sentimita 90, sawa na mita za mraba 1.8. La watu wawili ni mita 1.5 kwa sentimita 90, tuseme 1.35. Mawili ya mtu mmoja mmoja, kila moja sentimita 90 kwa 90, yote pamoja 1.6. Meza ya katikati nusu mita. Kabati la vyombo na runinga yake juu, 0.7. Jumla inakaribia mita za mraba 6. Zimebaki 3. Katika hizo 3 mlango ufunguke, feni isimame, mtoto ajifunze kutembea, na wewe ndugu yangu ukae uandike riwaya itakayoitikisa nchi. Utakaa wapi?

Nimeingia nyumba nyingi za namna hii. Ukitaka kulifikia kochi la pembeni unapita kiubavubavu kama kaa. Ukishakaa, magoti yanagusa meza. Ukitaka kunyoosha mguu, unamwomba radhi mwenzio kwanza. Wenyewe wanasema hiyo ndiyo sebule iliyokamilika. Mie naona ni ghala lililotundikwa pazia.

Mtindo huu umetoka wapi? Zulia zito la ukuta kwa ukuta, pazia la matabaka mawili, kochi la velveti lililonona kama ng'ombe wa sikukuu: hivi ni vitu vilivyobuniwa na watu wanaopigana na baridi. Siwacheki. Wadenmaki wana neno lao, hygge, ambalo mwaka 2016 lilivuma sana Uingereza hadi vikachapwa vitabu kadha wa kadha juu yake. Ndani ya neno hilo kuna mishumaa, blanketi, soksi za sufu na kikombe cha kitu cha moto. Haki yao! Kule Copenhagen mwezi Desemba jua linatua kabla ya saa kumi alasiri. Mtu asipojifunika na kuwasha mshumaa atapata wazimu. Lakini sie tupo nyuzi karibu 7 tu kusini ya Ikweta. Jua letu linatua baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na Januari hata saa sita usiku shati linakuganda mgongoni. Raha ya Mdenmaki ni joto. Raha yetu sie ni upepo. Sasa wewe unachukua dawa ya baridi unamnywesha mgonjwa wa joto, halafu unashangaa kwa nini watu wote wa nyumba wanahamia kibarazani ikifika jioni!

Na ile nailoni ya dukani, ambayo haivuliwi kwenye kochi eti lisichafuke? Mgeni akikaa dakika kumi, akisimama kochi linataka kusimama naye. Hiyo ni starehe au ni adhabu?

Babu zetu hawakuwa na feni, lakini upepo waliujua. Itazame nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, zile chache ambazo maghorofa hayajazimeza. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, vyumba vikiwa pande mbili. Fungua milango yote miwili, upepo unapita katikati ya nyumba kama mtu mwenye haraka. Hakuna aliyeununua. Sasa nenda nyumba hizo hizo leo: ukumbini pamesimamishwa kabati, nyuma ya kabati jokofu bovu, juu ya jokofu sanduku. Upepo unafika mlangoni, unapiga hodi, hauna pa kupita, unarudi zake baharini.

Hapa atasimama msomi mmoja aniambie: "Acha uzushi, kuonyesha vyombo ni utamaduni wetu. Nenda Lamu ukaone." Nakubali, tena namshukuru kwa kunisaidia. Nyumba za mawe za Lamu na Pate, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina zidaka ukutani, safu juu ya safu, na humo zilipangwa sahani na bakuli za Kichina. Maringo yalikuwepo, tena maringo hasa. Lakini tazama walivyofanya! Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, upana chini ya mita 3, kwa sababu uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Watu wa chumba chembamba walitia akili: vyombo wakavipandisha ndani ya ukuta, sakafu wakaiacha kwa ajili ya watu. Wao walikuwa na ukuta mnene na mafundi wa kuuchonga. Wewe una ubao mmoja na skrubu sita. Kanuni ni ile ile: kitu kipande ukutani, mtu abaki sakafuni. Kabati lenye vioo linaligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Vikombe vinakaa kwa nafasi, watoto wanabanana.

Mwingine atasema neno zito zaidi, nalo ni heshima. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," atasema. Sawa kabisa. Lakini methali hiyo haisemi mwenyeji akope. Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenyewe siku ya tatu anapewa jembe akalime, sasa vipi kochi lake likae miaka kumi bila kufanya kazi yoyote? Mila yetu ya ugeni ni maji ya kunywa, mahali pa kukaa, na mtu wa kuzungumza naye. "Karibu" ni neno linalotoka mdomoni. Sijasikia linalotoka kwenye velveti.

Tena deni hili si la mzaha. Siku hizi kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mshairi. Mahali nilipopanga zamani palikuwa na mama mmoja, jirani yetu, mtu wa watu. Binti yake alikuja kuposwa. Mama akaona aibu wageni wa posa wakae kwenye viti vya plastiki, akachukua mkopo wa riba ya kila wiki, akanunua seti. Wageni walikuja, walikaa saa mbili, wakala pilau, wakashukuru, wakaenda zao. Walikaa saa mbili tu! Deni lilikaa miezi saba. Mwezi wa nane walikuja vijana wawili na kirikuu, wakabeba kochi, runinga na jiko la gesi. Mkeka ulikuwa umesimamishwa kwenye kona. Mmoja aliushika, akautazama, akaurudisha pale pale. Aliona hauna bei. Jioni ile majirani tuliutandika uani, tukakaa na yule mama hadi usiku. Wengine walileta chai, wengine vitumbua, watoto wakalala humo humo katikati yetu. Sijawahi kuona sebule yake imejaa watu namna ile siku zote lile kochi lilipokuwepo.

Sasa nije kwetu, wenye kalamu, maana nimeahidi.

Hebu zitazame hadithi zetu tunazosomeana. Tajiri akitajwa, sentensi ya pili yuko kwenye sofa. Tena hakai! Katika hadithi zetu hakuna anayekaa kwenye sofa, wote "wanazama". Sofa yenyewe haina rangi, haina kitambaa, haina fundi aliyeitengeneza. Ni "sofa ya kifahari", basi, kazi imekwisha. Maskini akitajwa, hapo hapo unaletwa mkeka, nao lazima uwe "uliochakaa". Msichana akipendwa na mwenye mapene, anapelekwa sebuleni, anazama. Akiachwa, anarudi kwa mama yake, kwenye mkeka uliochakaa. Tumeandika hivyo miaka na miaka. Halafu tunashangaa kwa nini dada anaona aibu kumkaribisha rafiki yake wa chuo kwao. Nani alimfundisha aibu hiyo? Picha za kwenye simu, ndiyo. Tamthilia za runinga, ndiyo. Na mimi na wewe pia, ndugu yangu, kwa kalamu zetu hizi za madaftari.

Mkeka gani huo mnaoudharau? Mnajua unavyotengenezwa? Mwanamke anachana ukindu, anautia rangi, anausuka ukili kidole kwa kidole, ukili mrefu kama barabara, kisha kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Ni kazi ya siku nyingi ya mikono yenye hesabu kichwani, maana nakshi ikikosewa mahali pamoja inaonekana mkeka mzima. Mtu akifanya kazi kama hiyo kwa maneno tunamwita mshairi. Akiifanya kwa ukindu tunaandika "mkeka uliochakaa" tukapita.

Na mkeka una akili kuliko kochi. Haushiki joto. Mgeni akija, unakunjuliwa. Akiondoka, unakunjwa, chumba kinarudi kwa mwenyewe. Kochi halijui kuondoka. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha mbacha kwa msala wa mkopo.

Najua mnachongoja. "Wewe unayebwata, geto lako likoje?" Haya, karibuni Tandika. Nilipohamia, nikiwa nimeshalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wanavyotaka, mfukoni ilibaki laki moja na chenji. Nilitumia elfu tisini na saba, na mgawanyo wake ni huu: chokaa na brashi 15,000, balbu mbili 7,000, mkeka mpana 25,000, shuka mbili za mtumba za kufanyia mapazia 8,000, mbao chakavu na misumari ya benchi 20,000, vitambaa vya kitenge na sufi ya kujazia mito 12,000, mbao za rafu na meza, bawaba na skrubu 10,000. Kwa fedha hiyo, kwa mafundi wa Keko hupati hata mguu wa kochi.

Nianze na ukuta. Ulikuwa wa kijani kilichoiva, unaufanya mchana uwe jioni. Nilimwendea mwenye nyumba nikamwambia nitaupaka chokaa kwa gharama zangu, naye aniruhusu kutoboa mahali pachache. Hakuna mwenye nyumba anayekataa ukuta kupakwa bure. Ukuta mweupe unaurudisha mwanga chumbani, dirisha dogo linafanya kazi ya kubwa. Chokaa ina tabia ya kupaka mashati, ni kweli. Ukiichanganya na chumvi kidogo inashika zaidi, na pale mgongo unapoegemea nimetundika jamvi kuukuu. Limekuwa pambo, na shati limepona.

Kisha benchi. Nilipiga benchi moja refu la kufuata ukuta mmoja tu, kama baraza ya nje ilivyo. Godoro langu la zamani, la futi 3 kwa 6, nililipasua katikati kwa urefu, nikapata vipande viwili vyenye upana wa futi moja na nusu. Nikaviunganisha kwa ncha. Kipande kilichozidi ukuta nikakifanya mto wa mgongo. Wanakaa watu watano bila kubanana, na benchi lote linakula mita ya mraba moja na theluthi. Kumbukeni ile hesabu ya mwanzo: seti ilitubakizia mita 3, benchi linanibakizia 7 na ushei. Kwenye hizo 7 ndipo mkeka unapotandikwa, ndipo watoto wa dada yangu wanapocheza, na ndipo sisi washkaji saba tunaposomeana hadithi Jumapili. Wote tunatazamana usoni, maana hakuna aliyegeuziwa ukuta wa runinga.

Hilo la runinga nalo si dogo. Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miongo miwili. Kilipoingia kile kisanduku, viti vyote viligeuka vikakielekea kama waumini. Leo nusu ya waliokaa wanatazama simu zao, lakini viti bado vimeielekea ile kioo nyeusi. Sisemi uitupe. Nasema geuza kiti kimoja tu kimwelekee mtu, uone maongezi yatakavyofufuka.

Taa sasa. Watu wanatundika tyubu moja nyeupe katikati ya dari, chumba kinakuwa kama zahanati ya usiku. Kila mtu anaonekana mgonjwa. Ukinunua balbu ya LED soma boksi. Kuna namba yenye herufi K. Ikiwa 6500, mwanga ni mweupe wa kielekea buluu. Ikiwa 2700 au 3000, ni wa manjano, wa kutulia. Mie ninazo mbili za manjano, nazo sikuziweka darini: moja pembeni mwa benchi kwa ajili ya kusomea, nyingine kona ya pili, ndani ya kikapu cha ukindu kilichotoboka kitako, isiguse kingo. Mwanga unapita kwenye matundu ya ukili unachora nakshi ukutani. Kikapu nilikiokota. Na LUKU hailii. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9, yenye mwanga karibu ule ule, haifiki uniti moja na nusu.

Dirisha lina wavu wa mbu na shuka nyepesi, halina kitu kilichosimama mbele yake. Chini ya dirisha kuna ubao uliofungwa bawaba: nikitaka kuandika naunyanyua, nikimaliza naushusha. Juu kuna rafu mbili za vitabu na vikombe. Ndiyo hiyo. Waliofika wanajua kama nadanganya.

Sasa sikilizeni, msije mkasema ninahubiri ufukara. Sisemi uzuri ni anasa. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivipanga juu ya viti, vyenye maua na ndege pembeni, nyie vijana wa mjini mnavicheka, mie nasimama upande wa mama. Alivifuma mwenyewe, kwa sindano moja na nyuzi za senti chache, taa ya koroboi pembeni. Huo ndio uzuri wa fedha kidogo ninaoutetea, wenye mkono wa mtu ndani yake. Wala sina vita na fundi wa Keko. Mpeni kazi! Mpeni akate rafu ya kuenea ukuta wako, akupigie benchi la kimo chako, stuli itakayoingia chini ya meza. Fundi anayeweza kuuchonga mninga ukang'aa kama uso wa bibi harusi tumemfanya mashine ya kunakili makochi ya picha za simu. Hiyo nayo ni hasara yetu.

Lakini nimeandika yote haya kwa sababu ya jambo moja, na nitalisema bila kuzunguka. Mwaka 1929 Mwingereza mmoja, Virginia Woolf, alitoa kitabu akidai kwamba mwanamke akitaka kuandika hadithi anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Namheshimu. Ila huku uswahilini chumba chako mwenyewe ni ndoto ya mchana. Tunalala wawili, watatu, wanne. Kwa nyumba ya chumba na sebule, sebule ndiyo chumba pekee kinachoweza kumpa mtu pembe yake, usiku watu wakishalala. Na hicho hicho ndicho tulichomfungia Mgeni.

Anayeumia kwanza si mimi. Mie mwanaume nikikosa nafasi nyumbani nitakwenda maskani, nitakaa juu ya tairi, nitaandika chini ya taa ya duka la Mangi, hakuna atakayeniuliza. Dada yangu je? Akitoka usiku ataitwa majina. Yeye ana nyumba tu, na ndani ya nyumba ana zile mita 3 zilizobaki kati ya makochi. Na siku Mgeni akija kweli, nani anayeambiwa akunje daftari akamimine juisi? Tunalalamika kila toleo kwamba wasichana hawatuletei hadithi. Tumewapa wapi pa kuziandikia? Tuache kulialia kwenye safu ya mhariri, twende nyumbani tukapime sebule kwa futi.

Kwa hiyo ombi langu ni la aina mbili. La kwanza la mikono: mwezi huu ondoa kitu kimoja sebuleni ambacho hakikaliwi, hakisomwi, hakiliwi. Kimoja tu. Mahali kilipokuwa weka taa ya manjano na mto, kisha mwambie mtu wa nyumba hiyo, hasa yule mdogo asiye na sauti, kwamba hapa ni pako kuanzia saa tatu usiku. La pili la kalamu: mwandike mkeka ambao haujachakaa. Mwandike tajiri anayekaa bila kuzama. Mwandike sebule yenye watu, siyo orodha ya bidhaa. Msomaji wa miaka kumi na saba akiisoma hadithi hiyo, atazame kwao, asione aibu.

Najua wapo watakaokasirika. Wengine wameshaanza kusema ninawaonea wivu wenye makochi. Haya, kurasa zipo. Asiyekubali anijibu kwa kalamu, si kwa mdomo kibarazani. Na kama hana pa kukaa aandike, aanze kwa kuliuza lile la watu watatu.